Tableti Isiyokwama

Jumatatu, 3 Februari

Tableti zimeingia darasani leo. Si kule stoo tena – darasani kwenyewe, juu ya madawati ya darasa la sita. Mwalimu wa darasa anafundisha, mimi nazunguka. Ndiyo kazi ya mwalimu msaidizi: kuwasha, kuzima, kuchaji, kufuta alama za vidole, na kuitikia “Mwalimu, yangu imekwama” kutoka kila pembe. Kila moja ina namba mgongoni. Nilizibandika mwenyewe, kwa mpangilio wa viti, ili kila mtoto ajue yake na aitunze.

Mambo mapya ni mawili. La kwanza, programu ya hesabu. Mtoto anaingia kwa jina lake, anajibu, na alama zinakwenda papo hapo kwenye simu ya mzazi. Kosa likitokea linakwenda, tiki ikitokea inakwenda. Mwalimu Mkuu alipoeleza jambo hili kwenye kikao cha wazazi, wengi waliguna tu. Baba mmoja aliuliza kama simu italia akiwa juu ya paa la watu. Mimi nilijiunga siku ile ile. Binti yangu yumo darasani humo humo, mstari wa tatu, dawati moja na Chiriku. Chiriku si jina lake, ila hata mwalimu wa zamu humwita hivyo. Yule mtoto huongea hata akiwa anakunywa maji.

La pili, Sanduku la Maswali. Ni ukurasa wa mtandaoni. Mtoto anaandika swali bila jina, linatokea ukutani kwa projekta, mwalimu anajibu. Wale wanaoona aibu kunyoosha mkono sasa watauliza. Chiriku akataka kujua kama kweli hatutamjua aliyeandika. Nikasema kweli. Akasema, “Apa, Mwalimu.” Nikaweka mkono kifuani, darasa likapiga makofi.

Jioni. Binti alikuwa na makosa manne. Niliyaona tangu mchana, simu ikilia mlio wake ule wa kengele mbili ndogo. Nilipofika nyumbani sikusema kitu. Mimi si mtu wa kelele, na fimbo haijawahi kuingia nyumba hii. Niliweka simu mezani, iseme yenyewe. Akasimama kando ya meza akarudia yote manne mpaka yakakaa. Kusimama kunachangamsha akili. Ndivyo nilivyolelewa.

Mama mkwe, kutoka kwenye kochi lake: zamani mtoto alifika nyumbani kwanza, makosa yake yakamfuata baadaye, tena kwa mguu. Siku hizi makosa yanapanda gari.

Nilicheka. Ana maneno, yule mama.


Jumanne, 4 Februari

Sanduku limefunguliwa. Mwanzoni furaha tupu. “Kwa nini sifuri haigawi?” Swali zuri. “Kuku anajua kuhesabu mayai yake?” “Mwalimu Mkuu alipataga ngapi darasa la sita?” Hapo darasa lilivunjika kwa kicheko na mwalimu wa darasa akasema hilo lina majibu ya siri ya serikali.

Kisha, chini kabisa ya ukuta, mstari mwingine ukatokea.

“Mimi naogopa kurudi nyumbani.”

Kicheko kiliisha kama bomba lililofungwa. Nilichomoa waya wa projekta. Mwalimu wa darasa akasema haya, fungueni ukurasa wa sehemu, akaanza kuandika ubaoni kwa mkono. Mimi nilibaki nawatazama. Vichwa vyote chini. Hata Chiriku alikuwa kimya, amelaza mashavu kwenye viganja.

Nani? Nimewapitia wote kichwani tangu saa zile. Yupo yule wa mstari wa mbele anayeishi na mama wa kambo. Yupo mtoto wa mlinzi, baba yake akinywa mtaa mzima unajua. Yupo yule mpole wa dirishani ambaye huja na shati la jana. Katika nyumba mojawapo kuna mtoto ambaye leo alitembea polepole makusudi ili asifike.

Binti amekosa mawili tu leo. Anaendelea vizuri. Alisimama kidogo tu. Akiwa anaandika aliniuliza, bila kuinua macho, “Mama, yule aliyeandika mkimjua mtamfanya nini?”

Nikasema tutamsaidia.

“Na huyo wa nyumbani kwao?”

Nikasema huyo ataitwa aeleze.

Akarudi kwenye hesabu yake. Nikaona amekosea kutoa, nikamwonyesha kwa kidole.


Jumatano, 5 Februari

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Ijumaa wanakuja wageni, wale waliotupatia tableti. Wanataka kuona Sanduku likitumika. Mkuu anatembea kutoka kabatini hadi dirishani. Anasema ama tumpate mtoto huyu kabla ya Ijumaa, ama Sanduku lisifunguliwe, na lisipofunguliwa wageni watauliza kwa nini.

Nikamwambia hofu yangu si wageni, ni mtoto.

“Hata mimi,” akasema. “Lakini wageni wana tarehe. Mtoto hana.”

Akaitwa Fundi wa mtandao. Kijana mcheshi, hutembea na waya shingoni kama stetoskopu. Mkuu akamwuliza kama inawezekana kujua nani aliandika. Fundi akanitazama mimi kwanza. Akasema jina halipo, ila mashine ipo. Kila ujumbe unabeba namba ya tableti uliyotoka.

“Ulisema hakuna atakayejua,” nikamwambia.

“Nilisema halionyeshi jina, Mwalimu. Wewe ndiye uliyeapa.” Akacheka, kisha akaona sichezi. “Mtandao hauna siri, dada yangu. Una adabu tu, nayo ni kidogo.”

Mkuu akasema basi tazama. Nikasema hapana – niliweka mkono kifuani mbele ya watoto. Mkuu akaketi. Akaniuliza kwa upole sana: na kama mtoto huyu atapatwa na jambo baya Jumamosi, huo mkono wako kifuani utamfaa nini?

Ikiwa mtoto anaungua, huwezi kubisha hodi kwa adabu. Nikasema tazama.

Namba kumi na nne.

Sikuhitaji kuangalia popote. Nilibandika mwenyewe. Mstari wa tatu, upande wa dirisha. Chiriku.


Alhamisi, 6 Februari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio.

Baba yake Chiriku ni seremala. Ana karakana nyuma ya stendi ya pikipiki, mbele ya nyumba yake, hutengeneza madawati, hata haya ya kwetu ni kazi yake. Aliitwa asubuhi akaja vile vile, vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli sikioni. Alidhani anaitiwa dawati bovu. Alikuwa amekuja na bisibisi.

Mkuu akamsomea mstari ule. Seremala akasikiliza, akaomba asomewe tena. Kisha Chiriku akaletwa. Baba akachuchumaa ili wawe sawa.

“Mama, wewe unaniogopa?”

Chiriku akatikisa kichwa. Mkuu akamwuliza: wewe ndiye uliyeandika? Kimya. Unajua aliyeandika? Kimya. Machozi yanashuka na midomo imebanwa. Mtoto ambaye hata usingizini lazima anaongea.

Nikasema – haya ni maneno yangu, nayaandika kama nilivyoyasema – “Mtoto hawezi kusema mbele ya mtu anayemwogopa.”

Seremala aliinuka taratibu. Akanitazama, si kwa hasira. Akasema nyundo yake inajua msumari tu. Akasema mama wa mtoto alifariki akiwa mdogo, na tangu hapo wanalala mlango wazi kati yao kwa sababu mtoto huota ndoto mbaya. Kisha akamgeukia Mkuu akauliza kama anaruhusiwa kumshika mwanawe bega kabla hajaondoka.

Anaruhusiwa. Aliuliza kama anaruhusiwa.

Mkuu akampa ruhusa. Akaandika namba ya ofisi ya ustawi wa jamii kwenye kikaratasi, akasema bado hatujapiga, tutafuatilia. Seremala akatoka. Bisibisi aliisahau juu ya kiti.

Mchana nilipopita dukani kununua sabuni, muuzaji alishajua. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kumbe yule fundi wa mbao naye, mtu hujui moyo wa mtu. Nikasema hakuna kilichothibitishwa. Akasema ndiyo ndiyo, na akatikisa kichwa vile watu wanavyotikisa wakishaamini.

Lakini ni lazima iwe yeye. Namba haidanganyi.

Binti leo hakukosa hata moja! Safi kabisa, mlio baada ya mlio, tiki tupu. Nilimwambia hongera. Hakula. Alisema tumbo.


Ijumaa, 7 Februari

Wageni walikuwa watatu, na mpiga picha. Walikaa nyuma kwenye viti vya ofisini. Mkuu alivaa tai. Fundi alisimama kando ya projekta. Mimi nilikuwa katikati ya mistari, na vitambaa vyangu vya kufutia.

Mkuu alisema watoto, onyesheni. Maswali yakaanza kupanda ukutani. Kwa nini mwezi haudondoki. Nani aligundua nusu. Mgeni mmoja mwanamke akatabasamu akaandika kitu. Nilianza kupumua.

Halafu huu:

“Mliapa hamtajua nani. Mkamwita Chiriku.”

Na kabla sijafika kwenye waya, mwingine:

“Chiriku hajaandika.”

Na mwingine, na mwingine, ikipangana haraka kama mvua juu ya bati. “Si Chiriku.” “Si yeye.” “Baba yake ni mtu mzuri alinitengenezea kigari.” Darasa zima linaandika, vidole tu vinasikika. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Fundi alizima projekta kwa mkono wake. Mkuu akasema wageni wapendwa, mnaona jinsi watoto walivyo huru kujieleza. Mgeni mwanamke hakutabasamu tena. Aliuliza, Chiriku ni nani? Na kiti kando ya dirisha kilikuwa kitupu, leo hakuja.

Baada ya wageni kuondoka Mkuu alifunga mlango. Alisema tumeaibika. Nikamwambia tumekosea, hayo ni mawili tofauti. Akasema namba ilisema kumi na nne, na namba kumi na nne ni yule mtoto, au nilibandika vibaya? Nikasema sijabandika vibaya.

Sijabandika vibaya. Nimerudi stoo nikazigeuza zote nikazisoma migongo. Zipo sawa.


Jumamosi, 8 Februari

Nyumbani. Nimefua, nimepiga pasi, nimepanga kabati la vyombo upya. Moyo haupangiki.

Baba yake binti alipiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Nikamweleza habari ya shule. Akasema pole, mke wangu, wewe unabeba shule nzima kichwani. Akauliza binti yuko wapi, nikampa simu. Walizungumza kidogo. Nilimsikia akisema “ndiyo baba”, “hapana baba”, “salama baba”. Zamani walikuwa wakichekeshana mpaka salio linakwisha.

Mchana nilikuwa natafuta miwani. Nikaweka simu mezani ili nipekue mkoba kwa mikono miwili. Binti alikuwa kwenye kochi na bibi yake, wanachambua mchele kwenye sinia. Akasimama. Akaja akasimama kando ya meza, mikono nyuma.

Nikamwuliza, unakwenda wapi?

Akasema, “Siendi popote.”

Nikamwambia leo ni Jumamosi, hakuna kitu, kaa. Akarudi akakaa. Mama mkwe aliacha kuchambua, akanitazama muda mrefu, kisha akapuliza makapi.

Miwani ilikuwa kichwani kwangu.


Jumapili, 9 Februari

Sikulala vizuri. Sina la kuandika. Ninalo, ila sitaki kuliandika.


Jumatatu, 10 Februari

Chiriku amerudi. Amekaa mahali pake. Haongei.

Niliomba ruhusa kwa mwalimu wa darasa kabla ya kipindi cha hesabu. Nikasimama mbele. Nikawaambia watoto nilivunja ahadi yangu. Nilisema mtu aliyeapa na kuvunja hana haki ya kuaminiwa, lakini naomba mara moja. Projekta imezimwa, waya huu hapa mkononi. Namba za mashine Fundi amezifuta mbele yangu. Ukurasa nitauona mimi tu. Aliyeandika wiki iliyopita, kama bado anataka, aniambie: nyumbani anaogopa nini?

Nikakaa kwenye meza ya mwalimu. Nikafungua ukurasa. Mweupe.

Ulibaki mweupe muda. Nje, wale wa darasa la pili walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha. Kisha maneno yakaja, moja moja, kama ya mtu anayeandika huku akifuta:

“Hakuna anayenipiga. Hagombi. Huweka simu mezani na mimi nasimama.”

Nilijua.

Sitasema nilishtuka. Nilijua tangu Jumamosi, tangu mchele ule. Labda na kabla. Niliinua macho kwenye mstari wa tatu. Binti alikuwa ananitazama. Hakukwepa. Mikononi mwake tableti, na mgongoni mwa tableti, kwa mwandiko wangu, kumi na nne.

Yake ni kumi na tano.

Mapumziko nilimwita Chiriku chini ya ngazi. Nilimwuliza kwa nini yako anayo yeye. Alinitazama kama anayepima kama mimi ni mtu au ni mwalimu. Kisha lile bomba likafunguka.

“Si yangu, Mwalimu. Yaani ni yangu lakini si yangu. Ile haikwami. Nyingine zote zinakwama, ukibonyeza jibu inaganda, ikirudi inakuandikia kosa. Sisi kosa likiandikwa basi, simu ya baba yangu haina hata kioo. Ila yeye likiandikwa linakuja kwako. Kwa hiyo hesabu ikianza tunampa kumi na nne.”

“Mnaompa ni nani na nani?”

“Wote. Hata wale wa nyuma, mimi nisipokuja wanamletea.”

“Na yeye aliwaambia nini juu yangu?”

Akafikiri. “Hakusema kitu kibaya. Alisema tu kwamba wewe ukifika nyumbani umeshajua.”

Nikamwuliza mbona ofisini, baba yake amechuchumaa pale, hakusema.

“Aliniapisha,” akasema. “Mimi nikiapa naapa.” Kisha akaona alichosema, akaziba mdomo kwa mkono.

Darasa zima. Watoto wote wale walikuwa wakimpitishia mwanangu tableti nzuri, dawati kwa dawati, ili mimi nisimsimamishe. Nami nikipita katikati yao na kitambaa, nafuta vioo.

Jioni hakurudi.

Nilifika nyumbani nikakuta mkoba wake haupo. Nilitoka, nikarudi, nikatoka tena. Mama mkwe alikuwa amekaa na viatu miguuni, jambo ambalo hafanyi ndani. Akasema seremala amemtuma kijana wa pikipiki: mtoto yuko kwake, salama, na Chiriku, amekula, anasema hawezi kuja leo, na yeye seremala hawezi kumfukuza mtoto mlangoni, kama nataka kumchukua nije, yeye hatazuia.

Nikavuta kanga begani. Mama mkwe akasimama mlangoni. Ni mfupi, lakini mlango ulijaa.

“Ukienda sasa hivi atakuja,” akasema. “Ni mtoto mtiifu, ulimlea vizuri. Utarudi na mwili wake, roho utaiacha kule kule.”

Nikamwambia Mama, wewe uliona. Mbona hukuniambia?

“Nilikuambia kwa mzaha, ukacheka. Nikasubiri uache kucheka.”


Jumanne, 11 Februari

Naandika karakanani kwa seremala. Nimekaa kwenye dawati ambalo halijapakwa rangi. Shajara hii huwa haitoki nyumbani, lakini leo mikono yangu haikujua ikae wapi.

Asubuhi nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Mkuu. Nikamwambia ujumbe ule ulitoka nyumbani kwangu. Alifunga kalamu yake. Akasema basi ni heri, kumbe si kitu kikubwa, mzazi anayefuatilia masomo. Angetaka wazazi wote wawe hivyo. Akanishauri tulimalize kimya kimya. Seremala ni mtu wa kazi, atasahau. Kwa nini nijipake matope mwenyewe?

Nikamwambia yeye matope tumempaka sisi, na hajaoga.

Akasema lakini usiseme kwa niaba ya shule. Nikasema nitasema kwa niaba yangu.

Mtandao shuleni haukushika tangu asubuhi. Watoto walifanya hesabu zao, zikabaki ndani ya mashine. Binti alikuja na Chiriku, wameshikana mikono. Aliniamkia kama wanavyoniamkia wengine, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitikia. Alipewa kumi na nne kama kawaida. Ilipita mbele yangu, kutoka mkono hadi mkono, na safari hii hawakunificha. Mimi niligeukia dirishani mpaka ifike.

Baada ya shule niliwapa nafasi watangulie. Nikapita dukani. Nikamwambia muuzaji, mbele ya wateja, kwamba yale ya seremala si kweli, na kwamba mimi ndiye niliyesema uongo, ingawa sikujua ni uongo. Akasema ah, Mwalimu, hayo yamekwisha. Yamekwisha kwake, maana amechoka kuyasema.

Hapa karakanani seremala alikuwa anapiga randa. Alinikaribisha kabla sijasema hodi. Nilimrudishia bisibisi yake. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyapanga njia nzima, nikayasema nusu, nusu nyingine ikagoma.

Aliendelea na ubao wake. Kisha akasema wateja wawili hawakuja kuchukua vitanda vyao wiki hii. Mmoja leo kapita, akajifanya alikuwa safarini. “Atazoea,” akasema. Sikujua kama alimsema mteja au mimi.

Akasema pia, bila kuniangalia: yeye hajui hesabu nyingi, lakini mbao akiibana sana kwenye jiliwa, kile kibanio chake cha chuma, ili isitikisike, huwa inakaa sawa. Akiifungua anakuta alama za meno.

Nikamwuliza binti yangu yuko wapi. Akaelekeza kwa randa: mlango ule wa nyuma, wa chumba cha mwanawe. Wapo ndani, wanacheza au wanasoma, yeye haulizi. Nisiingie. Nikae hapa niseme nimefika, wakitaka watatoka.

Nikasema kwa sauti, “Mwanangu, nimefika. Sina haraka.”

Ikaja sauti ya Chiriku kutoka ndani, ananong’ona kama mtu anayepiga kelele: ameketi kwenye dawati la mteja. Wakacheka kidogo, wote wawili. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinaanzia puani.

Nikasema tena, “Leo hatusimami. Njoo tuzungumze, au tusizungumze, ukipenda.”

Mlango ulifunguka kiasi cha vidole. Nikaona ukosi wa sare, kisha jicho. Nilitaka kuinuka, seremala akanionyesha kwa kiganja nibaki nilipo. Nikabaki. Jicho liliniangalia, likaangalia mikono yangu. Nikaifungua aione, mitupu. Mlango ukasogea tena. Mguu mmoja ukatoka, bila kiatu.

Hapo mkoba wangu ukalia. Kengele mbili ndogo.

Nilikuwa nimezima sauti ya simu. Nilidhani nimezima yote. Huu mlio una swichi yake, sikujua. Mtandao umerudi shuleni, mashine zimemwaga hesabu za asubuhi. Zikalia tena mbili. Na mbili. Mkoba uko juu ya dawati, mbele yangu, kama nimeuweka hapo makusudi.

Mguu ukarudi ndani. Mlango umefungwa. Haukubamizwa – umesukumwa taratibu, kwa adabu, mpaka kitasa kikashika.

Simu nimeitoa bila kuisoma. Nimeizima kabisa, nikamwomba seremala aiweke mahali. Ameifunika chini ya vumbi la mbao kwenye ndoo, kama mtu anayezima kaa la moto, kisha akarudi kwenye randa yake. Hajaniambia niende.

Nyuma ya mlango mbao za sakafu zinalia kidogo, mahali pamoja, kama zinavyolia chini ya mtu aliyesimama. Nimemwambia kaa, mwanangu. Bado zinalia. Nimemwambia tena.